Nilidhani Nasifiwa, Kumbe Nadaiwa

Kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea, hapa Magomeni, Mtwara mjini, kuna cheti nilichopewa nikiwa kidato cha nne mwaka 2003. Kiko kwenye fremu ya mninga aliyoitengeneza mjomba wangu kwa mkono wake. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye jina lile ametunukiwa kwa "outstanding performance" katika somo la Kiingereza. Mama yangu hasomi Kiingereza, lakini neno lile la kwanza alilijua kwa sura, kama mtu anavyoijua nembo ya sukari anayonunua. Mgeni akija alimwonyesha kwa kidole: "Hili hapa ndilo walilomwita mwanangu."

Kwa zaidi ya miaka kumi neno hilo lilikuwa na maana moja tu kichwani mwangu: bora kuwapita wenzake. Mwaka 2016 neno hilohilo liliniondolea ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, ndani ya nyumba katika kumi la mwisho la Ramadhani, likamtia mjomba aibu mbele za watu, na likamkosesha mdogo wangu mwaka mzima wa chuo. Naeleza yote, pamoja na hesabu zake, kwa sababu kila wiki nakutana na mtu mwenye neno hili kwenye simu au kwenye bahasha, naye ametulia tuli kama nilivyotulia mimi.

Mwezi Machi 2015 nilichukua mkopo wa shilingi 3,600,000 kwenye taasisi moja ya mikopo hapa mjini. Nilitaka ovaloki na cherehani ya pili, kwa sababu oda za sare za shule zilikuwa zinanizidi. Masharti yalikuwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi, ikipigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mwezi nilirejesha 300,000 ya mkopo wenyewe na 108,000 ya riba, jumla 408,000. Mdhamini wangu alikuwa mjomba. Asiyetoka kwetu huenda asione uzito wa jambo hilo: kusini huku, kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua, mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye anayesimama posa ikija, ndiye anayeitwa ugomvi ukitokea. Alipotia saini yake pale alikuwa ametia heshima ya ukoo mzima.

Mkataba ulikuwa kurasa sita za Kiingereza. Nilisoma ya kwanza na ya mwisho. Nilijiona najua Kiingereza, na afisa mikopo alikuwa na haraka, nami nikaona aibu kumwambia asubiri.

Nilirejesha miezi saba bila kukosa hata siku moja. Mwishoni mwa Novemba malipo ya korosho za mama kutoka Tandahimba yakaingia, akanikopesha 900,000, nikaongeza 600,000 zangu, nikaenda kulipa 1,500,000 kwa mkupuo. Nilikuwa nimepiga hesabu: 3,600,000 kutoa 2,100,000 niliyokwisha kurejesha, inabaki 1,500,000. Riba ya miezi iliyobaki sikuihesabu, kwa kuwa niliona pesa ya watu nimeirudisha, riba ya nini tena? Mhudumu wa dirishani akanipa risiti na kuniambia, "Hongera dada, wateja wa namna hii tunawapenda, ukirudi tutakuongezea." Nikatoka nikiwa mwepesi kama unyoya.

Hapo nilifanya makosa mawili ambayo namwomba kila msomaji ayakwepe. Sikuuliza, kwa maneno haya haya, "Je, nimemaliza, sidaiwi hata senti?" Na sikuomba barua ya kumaliza mkopo. Risiti inathibitisha kwamba umelipa kiasi fulani, haithibitishi kwamba deni limekwisha. Ukurasa wa nne wa mkataba, nilioufungua miezi saba baadaye, ulisema wazi kwamba anayelipa kabla ya muda bado anadaiwa riba yote ya miezi iliyosalia. Miezi mitano mara 108,000 ni 540,000.

Barua ya kwanza ilifika Februari 2016. Ilikuwa fupi, kwa Kiingereza: "Our records show an outstanding balance of TZS 540,000 on your account. Kindly settle at your earliest convenience."

Nataka nieleze nilivyoisoma, neno kwa neno, kwa sababu sikuisoma kwa uvivu. Niliisoma mara tatu, nimekaa.

"Outstanding" nililijua, liko ukutani kwangu. "Balance" nililijua pia, kwa sababu kila siku naangalia salio la simu, na salio la simu ni pesa yangu mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na salio bora la 540,000. Hilo neno "settle" nililijua kwa maana ya kutulia, kuweka mambo sawa. Maneno ya mwisho yalinionyesha upole: wakati wowote utakaoona vema. Nikayaunganisha na yale ya mhudumu wa dirishani, nikapata sentensi iliyonyooka kabisa: mteja mzuri amewekewa 540,000, aje akamilishe taratibu akipata nafasi.

Hakuna hata neno moja katika barua ile ambalo sikulijua. Laiti kungekuwa na neno geni, ningelitafuta kwenye kamusi, au ningemwuliza mtu. Neno ninalolifahamu ndilo lililonipita.

Nilimsomea mama. Nilimwonyesha neno lenyewe kwenye karatasi, kisha kwenye cheti, herufi kwa herufi. Mama alilia kwa furaha. Jioni ile nikampigia mdogo wangu, aliyekuwa Nanyamba akisubiri ada ya chuo cha ufundi, nikamwambia ajiandae, mwezi wa saba ada yake ipo. Nilikuwa na 700,000 niliyoweka kutokana na sare za Januari. Nikaipeleka yote kwenye mabati ya nyumba ya mama, nikijua kuna nyingine imenikalia mahali. Maana yake ni kwamba siku ile barua inafika, pesa ya kulipa deni ilikuwa kabatini kwangu. Nilikuwa nayo mkononi.

Mei ikaja barua ya pili: kiasi kilichotajwa "remains outstanding" na kinahitaji nikishughulikie mara moja. Nikasoma kwamba bado ni bora, na kwamba wananihimiza nikaichukue. Nilipiga simu mara mbili kwa yule afisa, haikupokelewa, nikaacha. Baadaye nilisikia alikwisha kuhamishwa. Ofisi yao ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu. Sikwenda.

Jumatatu ya Juni 27, 2016, saa nne asubuhi, walikuja watu watatu na mwenyekiti wa mtaa. Tulikuwa tumeingia kumi la mwisho. Chumbani mlikuwa na vitambaa vya nguo 43 za Idi, nyingine zimekatwa, nyingine zimebaki vifungo tu. Afisa mpya alikuwa kijana mstaarabu, alisalimia vizuri. Akauliza, "Dada, barua zetu hazikukufikia?"

"Zilinifikia."

"Ulizisoma?"

"Nilizisoma. Si mlisema nina salio zuri?"

Alinyamaza. Nadhani mwanzo alifikiri nafanya jeuri. Nikaenda kabatini nikamletea barua, nikamwekea kidole kwenye neno, kisha nikamwonyesha cheti ukutani. Alikitazama cheti muda mrefu. Akasema taratibu, "Dada, hapo ukutani maana yake bora. Hapa kwenye barua maana yake ni ambalo halijalipwa." Mwenyekiti wa mtaa akageuza uso akatazama nje.

Waliichukua ovaloki na cherehani moja, kama mkataba ulivyowaruhusu. Deni lilikuwa limefika 681,000: ile 540,000, faini ya asilimia 5 kwa mwezi kwa Aprili, Mei na Juni ambayo ni 81,000, na gharama za ufuatiliaji 60,000. Nguo 43 haziwezi kushonwa kwa cherehani moja ya miguu kwa siku nane. Nilimaliza 17. Waliobaki niliwarudishia vitambaa na malipo yao ya awali, 215,000, na baadhi yao hawakurudi kwangu tena hadi leo. Mdhamini naye alikuwa amepigiwa simu. Walimkuta msikitini baada ya adhuhuri, simu ikiwa kwenye sauti kubwa kwa sababu masikio yake yamechoka, na wazee wenzake wakasikia kila neno.

Pesa niliikusanya hivi: 131,000 zilikuwa ndani, kikoba chetu kilinikopesha 400,000, friji niliiuza 150,000. Mashine zilirudi siku tatu baada ya Idi. Mdogo wangu nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba ada haipo. Alisema, "Haya dada." Akaenda kubeba mizigo bandarini mwaka mzima kabla hajaingia chuo. Sina neno la kulipima hilo.

Kwa mjomba nilikwenda usiku, nikiwa na mama. Nilipiga magoti nikamweleza kila kitu, na neno lenyewe nikamwandikia kwenye karatasi. Hakugomba. Alisema tu kwamba siku nyingine karatasi ikija, hata kama naijua, niipeleke kwa mtu wa pili. Lakini kwa muda mrefu baada ya pale hakunipa kitu chake chochote nimsomee, na zamani barua zake zote nilizisoma mimi.

Nikamtafuta mwalimu wangu wa Kiingereza wa zamani, mstaafu anayeishi Mikindani, si mbali na lile Boma la Wajerumani. Nilikwenda na cheti na barua zote mbili. Nilimwamkia, nikamweleza, nikitegemea anifariji. Yeye alinipeleka pwani.

Ilikuwa jioni, ngalawa zinarudi. Ghuba ya Mikindani imejikunja kama kiganja, zikishaingia zinatulia kabisa. Akaniuliza, "Binti, ile moja iliyobaki kule nje, utasema imefanyaje?" Nikasema, haijaingia bado. Kisha akanionyesha minazi ya upande wa pili. "Na ule mmoja uliopita mingine yote?" Nikasema, umejitokeza. Akasema, "Neno lako ndilo hilo. 'Out' ni nje, 'stand' ni simama. Kitu kilichosimama nje ya wenzake. Mnazi umesimama nje kwa urefu. Ngalawa imesimama nje kwa kutorudi. Mwingereza anatumia neno moja kwa vyote viwili."

Tangu siku ile sijawahi kuchanganya tena. Deni ni ngalawa ambayo haijarudi nyumbani.

Aliniambia pia jambo lililonishangaza. Neno hilo katika karne ya 17 lilimaanisha kitu kilichochomoza tu, kama mwamba au ukingo wa jengo. Maana ya deni lisilolipwa ilikuwapo tayari mwishoni mwa karne ya 18. Maana ya ubora, ile ya cheti changu, ilienea baadaye, katika karne ya 19. Sisi shuleni tunafundishwa ile changa kwanza, na mara nyingi tunaishia hapo. Mwalimu mwenyewe alisema anajutia kwamba katika miaka yake yote darasani hakuwahi kutupa ile ya pili.

Akanikumbusha kwamba hata sisi tunayo maneno ya namna hiyo na hayatupotezi. Kisu kikali, jua kali, mwalimu mkali, dawa kali, na vijana wa leo wanasema wimbo mkali wakimaanisha mzuri sana. Hakuna Mswahili anayesikia "wimbo mkali" akaogopa kukatwa. Tunajua kwa sababu tunatazama kilichosimama jirani. Tatizo ni kwamba kwenye lugha ya kujifunza tunasahau kutazama jirani. Tunalishika neno moja na kulibeba peke yake.

Basi nikaanza kukusanya majirani wa neno hili kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Likifuatwa na neno la pesa au la wajibu, yaani "balance", "amount", "debt", "loan", "fees", "invoice", "payment", ni kitu ambacho hakijalipwa. Ukiona tarakimu za shilingi karibu yake, usisherehekee. Likifuatwa na kazi ya mtu au sifa, "performance", "student", "player", "achievement", ni ubora. Likitanguliwa na "remains" au "still", karibu kila mara ni kilichobaki hakijatimizwa. Likitanguliwa na "truly" au "most", ni sifa. Hakuna anayesema deni ni "most outstanding". Polisi na mahakama wakilitumia kwa hati ya kukamatwa, wanamaanisha hati iliyotolewa na mtu hajakamatwa bado.

Yapo maneno ambayo jirani hatoshi, na haya ndiyo ya kuyaogopa. "Outstanding results" ya shuleni ni matokeo mazuri mno, lakini ya maabara ya hospitali yanaweza kuwa majibu ambayo hayajatoka. "Outstanding work" yaweza kuwa kazi iliyotukuka au kazi uliyoiacha kiporo. "Outstanding contribution" mtu hupewa ngao kwa ajili yake, na mwajiri asiyepeleka michango ya wafanyakazi wake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hudaiwa kwa maneno hayo hayo. Hapo soma sentensi nzima, kisha barua nzima, kisha jiulize nani ameiandika na anaishi kwa kazi gani. Mkopeshaji haandiki barua kukupa ngao.

Na katika ripoti za makampuni kuna "outstanding shares". Hizo si bora wala si deni. Ni hisa zilizokwisha kutolewa na ziko mikononi mwa wenye hisa. Sikuijali sana hiyo, lakini imo daftarini.

Tofauti moja nilitaka niilie nilipoielewa. "Outstanding" si sawa na "overdue". La kwanza linasema tu kwamba deni bado lipo, na huenda tarehe yake haijafika. La pili linasema tarehe imepita. Barua yangu ya Februari ilisema la kwanza tu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Machi 31. Ningelilipa wiki ile, kwa ile 700,000 ya kabatini, nisingetozwa faini hata ya shilingi moja, na 160,000 zingebaki. Na yale maneno ya mwisho, "at your earliest convenience", niliyoyasoma kama ruhusa ya kuchelewa, kwa lugha ya ofisini maana yake ni mapema iwezekanavyo. Kuhusu "settle", pesa ikiwepo maana yake ni lipa, umalize. Neno "salio" lenyewe, la Kiswahili, nalo liangalie: salio la simu ni lako, salio la mkopo ni la mwenye kukukopesha.

Nimejiuliza sana Kiswahili chetu kingeliandikaje, kwa sababu ningependa barua hizi zije kwa Kiswahili. Kwa ubora tunasema bora, ya kipekee, iliyotia fora, iliyotukuka. Kwa upande wa pili tunalo neno zuri kabisa: kiporo. Chakula cha jana ni kiporo, mechi ambayo timu haijacheza wakati wenzake wamecheza ni ya kiporo. Kwenye barua ya ofisi labda litaonekana la mtaani. Basi waandike "deni ambalo hujalipa". Maneno matatu, hakuna atakayeyatundika ukutani.

Siku hizi nikipewa mkataba naomba kwanza nakala ya Kiswahili, na mara nyingine napewa papo hapo. Kumbe ilikuwapo, ni kuuliza tu. Ikikosekana naondoka nao nyumbani nikausome kabla ya kusaini, na anayenikatalia kuondoka nao namwachia mkopo wake. Tangu 2018 ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na wakopeshaji wako chini ya Benki Kuu, kwa hiyo mkopeshaji mwulize leseni yake iko wapi, na malalamiko yana pa kupelekwa. Kabla ya kulipa mapema naomba niandikiwe kiasi kamili cha kumaliza, kwa tarehe ile, na riba ikiwamo. Nikishalipa siondoki bila barua ya kumaliza.

Lakini sikutaka neno lile linibakie kama jeraha, nalo lina upande wake mzuri. Binti yangu alipokuwa darasa la saba walikwenda ziara Kilwa, mkoa wa jirani wa Lindi, wakavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani kuona msikiti mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Alirudi na karatasi ya maelezo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na kigezo kikuu cha orodha hiyo, tangu mkataba wake wa 1972, ni kitu kuwa na "outstanding universal value". Binti yangu, aliyekulia chini ya daftari langu, alikuja akiwa ameshika karatasi ile kwa wasiwasi: "Mama, Kilwa inadaiwa?"

Nikamketisha tukasoma jirani wa neno. "Value", thamani. Na "universal", ya ulimwengu mzima. Nikamweleza kwamba hapo ni mnazi, si ngalawa: mahali ambapo thamani yake imepita mipaka ya nchi moja. Wafalme wa pale walitengeneza sarafu zao wenyewe, dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikapita mikononi mwao. Nilifurahi kulisema neno lile kwa sauti, mbele ya mwanangu, likiwa na maana yake ya cheti.

Mwaka jana mjomba alikuja Magomeni bila kupiga simu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji, akazungumza habari za mikorosho na ugonjwa wake wa ubwiriunga, kwamba dawa yake ya salfa ilikuwa imechelewa, na mambo kama hayo. Alipotaka kuondoka akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti, haijafunguliwa. Kuna wenye malori aliowakodisha uwanja wake waegeshe wakati wa msimu, na wamemwandikia kwa Kiingereza.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Soma polepole."

Nikafungua. Mstari wa tatu, lilikuwapo. Mikono ilinitetemeka. Nikasoma barua yote hadi chini, nikarudi juu, nikatafuta nani anamwandikia nani, nikatazama kila jirani. Ilisema "the amount outstanding to you", na baada yake 800,000, na tarehe watakayoilipa. Niliisoma tena mara ya tatu nikiwa na kidole kwenye maneno mawili ya mwisho, "to you", kwako.

"Mjomba," nikasema, "hapa wewe ndiye unayedai."